Nani Alaumiwe?

Magari yagonganapo, ndimi zetu hukimbilia kumlaumu dereva. Je, msomaji, hiyo ndiyo haki timilifu? Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Mteremko ule ulikuwa umejulikana kwa ajali miaka mingi. Lakini ukuta wa kutenga magari yapandayo na yashukayo karibu na Salgaa ulianza kujengwa mwaka 2018. Dereva mzembe hana udhuru. Walakini binadamu hukosea, na kosa la nukta moja halistahili kulipwa kwa roho za abiria. Basi ajuaye palipo hatari, naye ana uwezo wa kuiondoa, akingoja, hushiriki lawama. Wewe utakayekuwa mhandisi au hakimu kesho, kumbuka: asiyeziba ufa hujenga ukuta.