Faini Si Bei

Kila sheria njema ina watii wa namna mbili. Wako wanaoitii kwa sababu wameiona haki iliyomo ndani yake, na wako wanaoitii kwa sababu wameliona jicho linalowatazama. Kwa nje watii hawa hawatofautiani: wote hupunguza mwendo penye kibao, wote hupita salama, na wote husifiwa. Tofauti yao hudhihirika jicho linapoondoka. Kutokana na hayo huzaliwa swali dogo kwa sura lakini zito kwa maana: dereva aliyelipa faini ya mwendo kasi amelipa nini, na amemlipa nani?

Barabara itokayo Tanga kwenda Segera yafaa kulipima swali hili. Urefu wake ni kilometa 70 na kitu, nayo hupita Pongwe, Muheza na vijiji vingi, kati ya mashamba ya mkonge na ya michungwa. Kando yake watoto huenda shule kwa miguu, na wauza machungwa huketi na mafungu yao hatua chache kutoka kwenye lami. Penye makazi, kibao huamuru mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa. Mahali fulani, chini ya mti, husimama askari wa usalama barabarani mwenye mavazi meupe, na mkononi ana chombo cha kupimia mwendo ambacho watu wa njiani wamekipa jina la tochi. Chombo hicho huona, hupima na kuweka picha. Kosa huandikwa katika mtambo wa polisi kwa namba ya gari. Mwenye gari hupewa kumbukumbu namba ya malipo, naye hulipa shilingi 30,000 kwa simu au kwa benki.

Utaratibu huu wastahili kupewa sifa yake. Fedha ipitayo mkono kwa mkono kando ya njia, pasipo stakabadhi, ina majaribu kwa atoaye na kwa apokeaye. Fedha ipitayo kwa namba huingia katika hazina ya umma na kuacha alama nyuma yake. Mtambo hauna jamaa, haujui jina la mkubwa, wala hausikii maneno matamu. Mahali palipokuwa na mapatano ya faragha pamewekwa hesabu iwezayo kukaguliwa, na hilo si jambo dogo katika maisha ya taifa.

Walakini faida hii imekuja na hatari yake. Mkosaji aliyesimamishwa mbele ya abiria, akaulizwa, akajibu, alilipa fedha na fedheha pamoja. Faini ya mtambo yaweza kulipwa kama ankara ya maji. Hakuna uso unaotazamana na uso. Mtu hubonyeza namba, hupata ujumbe kwamba malipo yamepokewa, na moyo wake humwambia kwamba hesabu imefungwa. Hapo ndipo faini inapoanza kugeuka bei, na kosa kugeuka bidhaa.

Mageuzi ya namna hii yameshuhudiwa mbali na barabara vilevile. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa uchumi, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa. Baadhi ya wazazi walikuwa na desturi ya kuchelewa kuwachukua watoto wao. Katika baadhi ya vituo ikawekwa faini, na badala ya kupungua, wachelewaji wakaongezeka. Kabla ya faini, mzazi aliona haya kumkalisha mlezi baada ya saa zake; baada ya faini, alidhani amezinunua saa zile. Hata faini ilipofutwa, wachelewaji hawakupungua. Haya ikiisha kuuzwa, hairudi kwa kufutwa bei yake.

Mwenye mali anaweza kufanya hesabu hiyo hiyo barabarani. Shilingi 30,000 kwa mtu mmoja ni chakula cha siku kadhaa, na kwa mwingine ni kitu cha kusahauliwa kabla ya jua kutua. Serikali yenyewe ilikiri kwamba fedha ile ile haina uzito mmoja kwa watu wote, ilipopunguza, mwaka 2021, faini ya pikipiki na bajaji za abiria kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ikiwa faini ni bei, basi tajiri ameruhusiwa kwenda mbio na maskini amekatazwa. Lakini mtoto avukaye njia Muheza hawezi kujua kama gari linalomjia ni la mtu mwenye uwezo wa kulipa.

Iko desturi nyingine ya barabara hiyo inayostahili kupimwa. Dereva aliyekwisha kupita penye tochi huwawashia taa wanaomkabili, ili wapunguze mwendo kabla ya kufika. Jambo hili huitwa wema, na lina sura ya wema: halidai malipo, hutendewa mtu asiyejulikana, na humwokoa na hasara. Watetezi wake husema kwamba askari ajifichaye kichakani hatafuti usalama bali mapato. Tena husema kwamba taa zile, kwa vyovyote vile, hupunguza mwendo.

Hoja ya kwanza ina uzito. Sheria inayovizia huwafundisha watu kwamba ubaya wa mwendo kasi umo katika kuonekana. Afadhali askari asimame wazi penye shule na soko kuliko kujificha penye mteremko usio na mtu. Hoja ya pili ni dhaifu. Mwendo uliopunguzwa kwa ajili ya tochi hurudishwa mara tochi inapobaki nyuma, na pengine hurudishwa na riba, ili kufidia dakika zilizopotea. Taa iwashwayo kuonya juu ya ng'ombe, shimo au gari lililokwama ni hisani kwa wote. Taa iwashwayo kuonya juu ya jicho la sheria ni hisani ya mdaiwa kwa mdaiwa mwenzake, na gharama yake hutolewa katika mfuko wa mdai asiyekuwapo.

Mdai huyo ni yule aendaye kwa miguu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hukata kiasi cha mita 14 katika sekunde moja. Liendalo kilometa 80 hukata mita 22, na nguvu iliyomo katika mwendo wake huzidi ile ya kwanza mara mbili na nusu. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe, katika barabara iendeleayo kutoka Segera kwenda kaskazini, gari la abiria lililochukua waombolezaji na jeneza kutoka Dar es Salaam liligongana na lori, na watu wasiopungua 17 wakafa. Waliokuwa wakimsindikiza marehemu mmoja wakahitaji kusindikizwa wao. Sababu za ajali ni nyingi, wala si zote mwendo. Lakini msiba ule waonyesha ni amana ya namna gani huwekwa mkononi mwa kila mtu ashikaye usukani. Hakuna kumbukumbu namba iwezayo kuilipa amana hiyo ikipotea.

Basi aliyelipa faini ameilipa serikali kwa kuvunja amri yake. Hajamlipa mtu aliyemtia hatarini, na hawezi kumlipa ila kwa njia moja, nayo ni kwenda polepole katika safari ijayo. Faini iliyofika hapo imetimiza kazi yake. Faini iliyoishia katika ujumbe wa simu imeongeza hazina tu. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, nao walisema juu ya mtu aendaye kwa miguu yake. Kwa mwenye gari methali hiyo yataka nyongeza: mwenda pole hamwangushi mwenziwe. Kibao cha 50 husimama usiku na mchana, hata askari anapokwenda kulala, na dereva hupimwa kwa mwendo wake wa saa ile.