Macho Mekundu na Mafundisho ya Tabibu



Kila tarehe 18 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja kuwa tabibu (Kol. 4:14). Utabibu wa siku zake ulifuata mafundisho ya Wayunani. Yafaa tuyajue, maana yanatugusa sisi wa Shinyanga na Geita.

Hippocrates, aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, na wafuasi wake walifundisha kwamba mwilini mna maji ya namna nne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, augua. Galen, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, aliyaeneza mafundisho hayo, na baadaye Waarabu wakayapokea. Maneno yetu "belghamu" na "safura" yalitujia kwa njia hiyo.

Sayansi imekwisha kuyakataa mafundisho hayo. Hata hivyo matabibu wale walitenda jambo moja jema. Zamani hizo kifafa kiliitwa ugonjwa mtakatifu, watu wakidhani kwamba mgonjwa amepigwa na miungu. Kitabu kimoja cha wafuasi wa Hippocrates kilikana: ugonjwa huu una chanzo chake mwilini kama magonjwa mengine, nacho kimo katika ubongo. Kilikosea kusema kwamba belghamu huziba mishipa. Hakikukosea kutafuta chanzo badala ya kutafuta mchawi wala miungu.

Je, sisi? Bibi aliyepikia kuni na mavi ya ng'ombe miaka hamsini, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu kwa moshi. Hapa Usukumani vikongwe wameuawa kwa ajili ya wekundu huo. Tena, kijana anayechoma dhahabu kwa zebaki huvuta mvuke wake, na siku zikipita mikono yake hutetemeka. Nyumbani husemwa, "Amerogwa." Ramli hupigwa, na anayetajwa mara nyingi ni bibi yule yule. Moshi na zebaki vimetenda kosa, na mama mzee ndiye anayehukumiwa.

Nami naungama. Miaka mingi nilifundisha walimu wanafunzi habari za mapafu na macho, lakini siku jirani waliponong'ona juu ya kikongwe mmoja, nilinyamaza. Alihama usiku, asirudi tena. Elimu yangu haikumfaa kitu.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe, kisha akamponya (Yoh. 9:1-7). Wao walitaka mtu wa kulaumiwa. Yeye aliona mtu wa kusaidiwa.

Basi, ndugu, tufanye hivyo. Mwenye kutetemeka apelekwe hospitali, na wenzake wachome dhahabu mbali na nyumba, kwa chombo kinachonasa mvuke. Vijana wa kanisa wamtobolee bibi dirisha jikoni. Na jina la mzee likitajwa kwa ubaya kilabuni au kisimani, Mkristo aseme waziwazi, "Huo ni moshi." Asingoje kesho.

Bwana, Tabibu wa kweli, atuponye na woga wetu. Amina.