Mwamia Ndege na Ndege ya Vita

Katika bonde la Kilombero, mpunga wa Ifakara uanzapo kukomaa, mtoto huketi juu ya dungu kuamia ndege. Hana haja ya kuuliza huyu ajaye ni nani, kwa kuwa kila mwenye mbawa ni adui wa chakula. Akikosea shabaha, amepoteza jiwe tu.

Kiswahili kimekipa chombo cha vita jina la kiumbe huyo, lakini sarufi huwatenga: husemwa ndege huyu, na ndege hii. Hii haina uhai. Walakini ndani yake yumo mtu.

MiG-21 iliundwa Urusi ya Kisovieti, ikaanza kazi mwaka 1959. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, zikatumikia mataifa mengi, hata yaliyohasimiana. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo, na Tanzania ilikuwa na ndege za ukoo huo huo. Chombo hakichagui bwana. Siku za mwanzo za vita hivyo, wapiga mizinga wa Tanzania waliangusha kwa makosa ndege tatu za jeshi lao wenyewe.

Je, mlinzi wa namna hiyo ana hatia? Atakayemtetea atasema kuwa nia yake ilikuwa njema, na kwamba ndege iwezayo kupita kilomita 2,000 kwa saa haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Nia njema humwondolea mtu uovu, haimwondolei wajibu. Atakayemlaumu naye atasema kuwa ajuaye kupiga sharti ajue kutambua. Hilo ni kweli, ila kumtwika mtu mmoja mzigo wa wengi ni dhuluma. Apewaye mzinga pasipo kupewa ishara ya kumjua mwenziwe amepewa nusu ya kazi, na hatia ya nusu iliyobaki ni ya aliyemtuma.

Silaha izidipo mwendo, wakati wa kuamua mema na mabaya hurudi nyuma. Hauwi tena ule wa kufyatua. Huwa ule wa amani, wa mafunzo na maagano. Asiyefikiri wakati huo asitumaini kufikiri baadaye.

Jioni mtoto wa Ifakara hushuka dunguni akalala usingizi. Mlinzi wa mzinga huhitaji mengi zaidi ili apate usingizi huo.