Nyama ataibeba nani?

Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban asilimia 80 ya jimbo la Nevada, na sehemu kubwa ya jangwa lile la nyanda za juu ni ardhi ya umma. Raia yeyote huingia. Lakini kumuwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hufikia kilo 300, kunahitaji kibali kinachotolewa kwa kura. Wapo wanaokisubiri miaka mingi, na hapo ndipo penye mtihani.

Mtu hupanga bunduki, ramani na maji. Je, amepanga nyama? Elki akianguka siku ya joto, kilomita nane kutoka lilipo gari, mtu mmoja atahitaji safari nne au tano kuibeba mgongoni, na joto halimngoji.

Uislamu umehalalisha kuwinda kwa ajili ya chakula, ukakataza kuua kwa mchezo. Wengi wetu tunadhani Bismillahi wakati wa kufyatua inatosha. Mimi naona (wawindaji wanisamehe) kwamba aliyejua hawezi kuibeba nyama, kisha akapiga, alikusudia pembe. Na ashushe bunduki. Atasema amesubiri miaka 10. Sawa, lakini si elki yule aliyemsubirisha.