Nyuki wa Nyumba Yenu

Wapendwa wanandoa,

Ukipanda mtufaha mmoja peke yake, mara nyingi utapata maua tele na matunda haba. Aina nyingi za mitufaha huhitaji mwenzake wa aina tofauti, unaochanua wakati huohuo, na nyuki wa kubeba chavua kati yao. Basi usinung'unike kwamba mwenzako hafanani nawe. Mungu aliwaunganisha mzae matunda ya upendo.

Lakini nyuki wenu ni mazungumzo. Mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu wakati wa maua huwaua nyuki. Ndivyo yafanyavyo matusi na kununiana.

Leo jioni, kabla ya Rozari, mmoja wenu aseme, "Nisamehe." Asingoje mwenzake aanze.