Damu Ina Kiasi Chake

Wanangu wa Kamenu, hapa Thika, nisikilizeni tena. Hili nimelisema baada ya ibada, nikalirudia kwenye mkutano wa chama, na wengine wenu mkainamia simu. Siwakasirikii. Miguu imechoka na sauti imechoka, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewanyima haki yenu.

Nazungumzia sindano ya kuongeza damu, ile inayoitwa erithropoietini, au EPO kwa kifupi. Figo zikiwa nzima huitengeneza homoni hii zenyewe. Zikihisi oksijeni imepungua, huipeleka kwenye uboho wa mifupa, nao uboho huzalisha chembe nyekundu. Figo zikifa, hakuna wa kuuagiza uboho kazi, na damu hupungua hata kama mtu anakula vizuri. Ndiyo sababu wenzetu wanaosafishwa damu pale hospitali ya Thika Level 5, na katika vitengo vingine vya figo, huandikiwa sindano hii.

Haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake waliichuja kutoka lita 2,550 hivi za mkojo wa wagonjwa uliokusanywa Japani. Dawa yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1989. Kabla ya hapo, mgonjwa wa figo aliishi kwa kuongezewa damu ya wengine, na damu hiyo ikizidi huweza kuufanya mwili uje kuikataa figo ya kupandikizwa.

Sasa wewe unayesafishwa damu, mwanangu, usiache sindano kwa sababu hujaona nguvu baada ya siku chache. Damu huanza kupanda baada ya wiki mbili hadi sita. Na ukiambiwa unahitaji madini ya chuma, kubali. Sindano hii si damu. Ni kama msimamizi anayefika mjengoni akakuta hakuna mawe wala saruji: ataamrisha kutwa nzima na ukuta hautapanda. Uliza mapema kwenye dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, ni nini kinacholipiwa, ili usije ukaruka dozi kimyakimya kwa kukosa pesa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala usimshurutishe daktari akupandishe damu ifikie ya mtu mzima wa afya. Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa Marekani ulilinganisha wagonjwa wa figo waliolengwa kufikia himoglobini ya gramu 13.5 kwa desilita na waliolengwa 11.3. Waliosukumwa juu ndio waliopatwa zaidi na vifo na maradhi ya moyo. Damu ikizidi hupandisha presha, huganda, huleta kiharusi. Kwa hiyo pimwa presha kila unapokwenda, na kichwa kikikugonga sana, sema siku hiyo hiyo.

Wewe mama mwenye kizunguzungu, usitafute sindano hii dukani kwa sababu jirani yako imemfaa. Damu yako huenda imepungua kwa ujauzito, kwa hedhi nzito, kwa minyoo, kwa malaria uliyotoka nayo safarini, au kwa kidonda cha tumbo kinachovuja. Kila kimoja kina tiba yake. Ukiwa umekosa chuma, vidonge vya chuma, maharagwe, maini na terere vitakusaidia kuliko homoni.

Nawe kijana unayekimbia alfajiri ukiota mbio za Ulaya, kaa karibu nami. Rita Jeptoo alimaliza wa kwanza marathoni ya Boston mara tatu, na ushindi wa tatu ukafutwa. Jemima Sumgong alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kuipata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Asbel Kiprop alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu. Wote watatu walipimwa wakakutwa na EPO, wakafungiwa. Leo jina la kila mmoja likitajwa, sindano hutajwa pamoja nalo. Na hiyo ni hasara ya nje tu. Damu ya mtu mwenye afya ikifanywa nzito, moyo huisukuma kwa shida, na usiku mapigo yanapotulia ndipo hatari inapozidi. Isitoshe, dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekuuzia kutoka mfukoni anakuuzia usichokijua, na pengine amempokonya mgonjwa.

Sina neno jipya, wanangu. Mkihisi uchovu usioisha, pumzi fupi, au viganja vimepauka, nendeni mkapimwe, na msitoke kwa daktari bila kuuliza: damu yangu imepungua kwa nini? Akisema ni figo, shikeni sindano zenu kwa tarehe zake na kwa kiasi chake. Akisema si figo, iacheni sindano hiyo kwa wenyewe.