Je, Ni Aibu Mwalimu Kusahihishwa na Mwenzake?

Wazazi wengi wa Bukoba na Muleba huwaona walimu wakibaki shuleni alasiri, watoto wamekwisha kwenda zao, nao huuliza: Wamebaki kufanya nini? Wamebaki kujifunza. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2020 juu ya mafunzo endelevu ya walimu kazini wataka walimu wakutane katika jumuiya zao za ujifunzaji, mmoja aeleze somo lililomshinda na wenziwe wamsaidie. Jambo hili si geni kabisa. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza katika miaka ya 1970, vijana wengi waliotoka darasa la saba walipewa madarasa huku wakijifunza kazi. Na huko Japani, kwa zaidi ya miaka 100, walimu wamekuwa wakiketi nyuma ya darasa la mwenzao na kulijadili somo lake.

Kukutana si kazi. Majina huandikwa, chai hunywewa, watu huondoka kama walivyokuja. Kazi ni kusema, "Hili silijui."

Siku moja nalifundisha darasa la sita kugawanya kwa sehemu: sita kugawanya kwa nusu ni kumi na mbili. Mtoto mmoja akasimama: "Mwalimu, twagawanya, mbona jibu limezidi sita?" Nikamjibu, "Ndiyo kanuni. Keti." Nyuma aliketi mwalimu mwenzangu, binti aliyeajiriwa juzi tu. Alasiri, katika mkutano, alisema kwa upole, "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, yule mtoto aliuliza swali jema, naye hakujibiwa."

Nalikasirika sana. Sisi tuliokulia vibanjani twajua kwamba mtu haingii migombani mwa mwenziwe bila hodi, nami nalilihesabu darasa kuwa kibanja changu. Usiku ule ndipo nilipoona kosa la hesabu hiyo. Migomba yangu ikiharibika, njaa ni yangu. Somo likiharibika, mwenye kupata hasara ni mtoto wa mtu mwingine, naye hajui hata kwamba amepata hasara. Kanuni ile nalikuwa nimeifundisha miaka tisa, bila kujua sababu yake.

Wako wasemao kwamba kijana hapaswi kumsahihisha aliyemtangulia. Nakubali nusu ya neno lao. Asimsahihishe mbele ya watoto. Wala maneno ya mkutano yasipelekwe kwa wakubwa yakawa mashtaka, maana siku yatakapopelekwa, hakuna tena atakayefumbua kinywa, nasi tutarudia chai yetu. Lakini nusu ya pili siikubali. Heshima inayodai mtoto abaki gizani ili mimi nisione haya, sijui ni heshima ya nani.

Kesho yake nalimwomba binti yule anieleze. Akacheka, akachukua ndizi sita, akakata kila moja nusu kwa nusu, akaniambia nihesabu vipande. Kumbe swali ni hili tu: katika sita mna nusu ngapi?

Nikazichukua ndizi zile mpaka darasani, nikamwita yule mtoto mbele, nikawaambia wote kwamba yeye aliuliza vema na mimi nalimjibu vibaya. Wenziwe walinyamaza kimya. Yeye alihesabu vipande mara mbili, kisha akauliza kama vyaweza kuliwa.